Bastola yangu ilishika kutu ikiwa ndani ya sefu

Wenye leseni wapya huniuliza swali lile lile: baada ya risasi ngapi niisafishe bastola? Kila mmoja anataka nambari. Mia mbili, mia tano, elfu. Mimi nilikuwa na nambari yangu, nikaishika kwelikweli, na ndiyo iliyoniponza.

Nina duka la vipuri vya magari Mombasa, na bastola ninayobeba ni CZ 75, ile ambayo huku Kenya tunaiita Ceska tu. Kwa mwaka mzima sidhani kama nafyatua zaidi ya risasi mia tatu, na zote ni za uwanja wa shabaha. Siku zilizobaki inakaa kiunoni inakunywa jasho langu. Nilikuwa nimejiwekea kwamba kila nikimaliza risasi mia, naisafisha. Basi kama sikwenda uwanjani miezi minne, ilikaa miezi minne.

Masika moja mgongo ulinilaza nyumbani wiki tano. Bastola ilikuwa ndani ya sefu, ndani ya ala yake ya ngozi, imefungwa vizuri kama maiti iliyokafiniwa. Nilipoitoa nikakuta upande mmoja wa slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, una madoa ya rangi ya chungwa, na mahali palipogusana na kifungo cha ala pamechorwa duara kamili la kutu. Haikuwa imepiga hata risasi moja tangu niisafishe.

Niliipeleka kwa fundi, mzee mmoja aliyestaafu jeshi la majini. Hakunigombeza. Aliiweka kando, akanyoosha mkono hadi kwenye kioo cha dirisha la kibanda chake, akapitisha kidole juu yake kisha akanyoosha kile kidole kwangu. "Lamba," akasema. Nilidhani mzee ananitania. Nikapitisha changu mwenyewe nikalamba. Chumvi tupu. "Hii ndiyo inayokula silaha yako, mwanangu, si baruti. Baruti wewe huna."

Kutu ile aliitoa kwa sufi laini ya chuma iliyoloweshwa mafuta, akisugua taratibu. Madoa yaliondoka, na weusi wa chuma nao ukaondoka pamoja nayo. Mpaka leo duara la kile kifungo linaonekana ukiielekeza kwenye mwanga.

Kwa hiyo jibu langu kwa mtu wa pwani ni kwamba ahesabu siku. Kila usiku ninapoivua naifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana, kazi ya nusu dakika. Wakati wa kaskazi, joto likiwa kali na shati limeganda mgongoni, sikosi hata siku moja. Mara moja kwa mwezi naifungua, naisafisha na kuitia mafuta, iwe imepiga au haijapiga. Na nikitoka uwanjani, naisafisha siku ile ile hata kama nilipiga risasi ishirini tu. Hilo la mwezi si uzushi wangu: kijitabu kinachokuja na bastola za Glock nacho kinasema angalau mara moja kwa mwezi, na kila baada ya kufyatua, na pia ikiwa mpya kabla ya kuipiga mara ya kwanza. Watu hawakisomi. Wanakiacha kwenye boksi.

Bastola za kisasa zinavumilia masizi. Utazipiga risasi mamia bila kuzigusa na zitaendelea. Kwa hiyo yule anayejisifu uwanjani kwamba hajasafisha yake tangu mwaka jana huenda hasemi uongo. Ila yake anaipiga kila Jumamosi, kila mara anaishika, anaifuta, anaitazama. Ya mtu kama mimi ndiyo inayosahaulika.

Sasa niseme jambo ambalo lingepaswa kuja kabla ya mafuta. Saa ya kusafisha ndiyo saa ambayo watu hujipiga. Mtu ametulia nyumbani, chai iko pembeni, amechoka, na "anajua" kwamba bastola haina kitu. Utaratibu wangu ni huu, na siuruki hata nikiwa peke yangu: mtutu unaelekezwa mahali ambapo risasi ikitoka haitaumiza mtu, kidole kiko nje ya triga, magazini, lile kasha linalobeba risasi, inatoka KWANZA, halafu navuta slaidi nyuma. Ukigeuza mpangilio, ukavuta slaidi wakati magazini bado imo, risasi ya chemba, ile nyumba ya risasi nyuma ya mtutu, itaruka nje, nawe utafurahi, na slaidi ikirudi itakuwa imeingiza nyingine. Utatoa magazini ukiamini umemaliza, kumbe imo moja. Baada ya hapo natazama ndani ya chemba, naingiza ncha ya kidole kidogo niguse kwamba ni tupu, kisha risasi zote zinahamia chumba kingine. Mke wangu anajua kwamba nikiwa nimeifungua mezani, watoto hawaingii.

Mwenye Glock aangalie zaidi, kwa sababu hiyo haifunguki mpaka ubonyeze triga. Ukikosea hapo, ndipo hadithi zinapoanzia. Ceska haina haja hiyo: unarudisha slaidi kidogo mpaka vijistari viwili vya nyuma, cha slaidi na cha fremu, vilingane, unasukuma pini ya kizuia slaidi kutoka upande wa pili, na vyote vinatoka kwa mbele.

Kwa kusafisha sihitaji mengi. Fimbo ya mtutu na brashi yake ya shaba, mswaki wa zamani, vipande vya fulana kuukuu ya pamba, dawa ya kusafishia bunduki. Brashi ya nyuzi za chuma, ile ya kukwangulia rangi, isikaribie. Mtutu nausafisha kuanzia upande wa chemba kwenda mdomoni, ili uchafu usirudishwe ndani na mdomo wa mtutu usikwaruzwe. Petroli usitumie, moto ni moto. Mafuta ya taa yanang'oa masizi, hilo kweli, wazee waliyatumia, lakini hayalindi chuma, kwa hiyo ukiyatumia uyafute yote na utie mafuta halisi juu. Fungua madirisha. Na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chapati, maana masizi yale yana madini ya risasi, na hiyo ni sumu.

Mafuta ndiyo yanayokosewa zaidi, na huwa yanakosewa kwa kuzidi. Baada ya ile kutu mimi niliogopa, nikaanza kuiogesha. Ilikuwa inadondosha. Suruali mbili ziliharibika, na uwanjani nikapuliziwa matone usoni kila nilipofyatua. Fundi alicheka mpaka akakohoa. Alinionyesha kwa kijiti cha meno: chovya, gusa, basi. Tone moja kwenye kila reli ambayo slaidi inatelezea. Utando mwembamba nje ya mtutu, hasa karibu na mdomo na pale juu unapojifunga na slaidi, maana hapo ndipo unaona chuma kimeng'aa kwa kusuguana. Tone chini ya mtutu unapokutana na ile pini ya kizuia slaidi. Ukitaka kujua pa kutia mafuta, tafuta palipong'aa.

Pa kutotia ni muhimu vilevile. Ndani ya mtutu na chemba pawe pakavu kabla ya kupiga. Kama umepaka humo ili kuhifadhi, pitisha kitambaa kikavu kwanza. Njia ya pini inayogonga risasi iache kavu, kwa kuwa mafuta yakishika vumbi humo yanakuwa uji, na pini inagonga kivivu. Ndani ya magazini pia kavu, na risasi zenyewe zisiguswe na mafuta, hasa haya mepesi ya kupenya kutu, yanaweza kuingia kwenye kiwashio na kuua risasi. Siku utakapoihitaji itasema "tik" na kunyamaza.

Kuhusu aina ya mafuta, mafuta ya bunduki yenyewe ni bora, na chupa ndogo inakaa miaka. WD-40, ambayo kila gereji inayo, ilitengenezwa kwa ajili ya kufukuza maji, na kwa hiyo ni nzuri bastola ikinyeshewa. Kama ulinzi wa mwezi mzima haitoshi. Mafuta ya cherehani yanafanya kazi, nimeyatumia mwenyewe nilipoishiwa, ila ni mepesi na hukauka upesi, basi utarudia mapema. Mafuta ya kupikia hapana. Kuna jamaa aliitia bastola yake mafuta ya alizeti. Baada ya miezi michache slaidi ilikuwa imeganda kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Shemeji yangu yuko Isiolo, naye tulibishana juu ya haya kwenye simu hadi salio likaisha. Kwake hakuna chumvi, kuna vumbi. Alifuata ratiba yangu na mafuta yangu, bastola ikawa inasaga kama kinu. Mahali pa vumbi mafuta yapungue zaidi, reli tu na kwa uchache, na badala yake uifungue mara nyingi zaidi kupangusa. Yeye sasa hufanya hivyo kila wiki mbili. Kutu hajaiona maishani mwake.

Ala ya ngozi sikuitupa, naibeba nayo mchana. Lakini hailali ndani yake tena, kwa sababu ngozi hushika jasho na unyevu na kuukumbatia chuma. Usiku bastola inakaa sefuni juu ya kitambaa kikavu, na pembeni nimeweka vile vipakiti vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikishashiba unyevu havifanyi kazi tena, ndipo unavibadilisha. Wateja wangu wanadhani nina kichaa ninapowaomba vipakiti vyao.

Na kama kila usiku unaipakua na asubuhi unaipakia, itazame ile risasi inayoingia chemba. Ikiwa ni ile ile kila siku, kugongwa kule kunaisukuma kichwa chake kizame ndani ya ganda, na risasi iliyozama inapandisha shinikizo hatari ikifyatuliwa. Isimamishe mezani kando ya mpya ulinganishe urefu. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza, yangu ilikuwa fupi kiasi cha kuonekana kwa macho. Niliitenga usiku ule ule, na kesho yake nikampelekea fundi.