Mi papa: Kihispania kwa watoto wa msingi, bila kupitia Kiingereza

Mtoto wa P.4, yaani darasa la nne la msingi, alisimama mbele ya darasa, akainua picha aliyomchora baba yake kavaa gamboti, akasema bila wasiwasi: "Este es mi papa." Wenzake wakampigia makofi. Mimi nikajifanya naokota chaki, maana alichosema ni "hiki ni kiazi changu". Kwa Kihispania cha Meksiko, papa ni kiazi. Baba ni papá, mkazo ukiangukia mwishoni.

Kosa lilikuwa langu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno mengi ya Kihispania hufanya hivyo hivyo: casa, libro, bandera. Kwa hiyo watoto walikuwa wanapatia bila kufundishwa, nami nikalewa sifa, nikasahau kuwaambia kwamba kile kialama juu ya herufi hakikuwekwa kwa urembo.

Nafundisha hapa Busia, mpakani, upande wa Uganda, katika shule moja ya binafsi, vipindi viwili kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Kihispania nilikipata jikoni: miaka minne niliwapikia masista wawili kutoka Meksiko, na mtu akikuagiza vitunguu kila siku utaelewa tu. Kwa hiyo nayoandika hapa si ya chuoni.

Ukitaka kuanza, nakuomba jambo moja: usikifundishe kupitia Kiingereza. Nilifanya hivyo muhula mzima wa kwanza, kwa sababu Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia kuanzia madarasa ya juu na niliona ndiyo njia rasmi. Nikaandika ubaoni "mesa". Msichana mmoja akasoma "misa", jinsi macho yake yalivyozoezwa na Kiingereza. Wa nyuma yake akadakia: "Ticha, misa ni Jumapili!" (Na kweli, misa kwa Kihispania ni misa vilevile.) "Uno" wakaisoma "yuno". Nilipandisha sauti, haikusaidia.

Siku iliyofuata nikafuta kila kitu, nikawaambia wasome kama wanasoma Kiswahili. Me-sa. Kimya kidogo, kisha: "Ticha, si ni meza tu!" Ni meza kabisa. Sisi tulilichukua kwa Wareno, ambao lugha yao na Kihispania ni ndugu, na bendera ikaja kwa njia hiyo hiyo. Sukari na azúcar zimetoka kwa Waarabu. Hata "hasta" ya hasta mañana (hadi kesho) ina asili moja na "hata" yetu. Irabu ni zile zile tano. Ñ ni ny ya nyumba. Zinabaki chache za kuwaonya: h haitamkwi, na j ni kama kh ya wazee wanaosema kheri.

Jambo linalowatesa watu wazima, yaani nomino kugawanyika katika za "el" na za "la", watoto wetu hawalioni kama tatizo. Mtoto anayesema kitabu chekundu na meza nyekundu hashangai kusikia libro rojo na mesa roja. Anauliza tu: "Ngeli ziko mbili peke yake?" Ndiyo, mbili. Wakawacheka Wahispania.

Ugumu uko kwenye l na r, hasa kwa watoto waliokulia Luganda, ambako r hufuata e na i, na kwingine ni l. Mtoto anataka kusema pelo, nywele, inatoka pero, ambayo ni "lakini". Kisha kuna perro, mbwa. Nimetumia wiki mbili nzima kwenye maneno hayo matatu na sijutii. Ile rr tunaifanyia mazoezi kama bodaboda inayokataa kuwaka asubuhi. Darasa la jirani limeshalalamika.

Kuhusu namba, vitabu vinaanza na moja hadi kumi na kusuasua hadi mia. Uganda hii, mia utanunua nini? Mimi naanza na mil, elfu, ili tucheze soko mapema. Tunakata makaratasi ya noti, mmoja anauza chapati, mwingine rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. "¿Cuánto cuesta?" "Dos mil." "¡No, mil quinientos!" Yaani: bei gani, elfu mbili, hapana, elfu moja mia tano! Kupunguziana bei hawakuhitaji kufundishwa na mtu. Hizo moja hadi kumi wanazipata humo humo.

Wazazi wataniuliza, na wewe watakuuliza: hicho kiko kwenye PLE, mtihani wa kumaliza msingi? Hakiko, usiwadanganye. Baba mmoja aliniambia waziwazi kwamba Kiswahili chenyewe serikali imeagiza kifundishwe tangu 2022 na bado walimu hawatoshi, sasa mimi naleta lugha ya Wazungu. Nilimwonyesha Malabo, mji wa Guinea ya Ikweta, kwenye ramani. Guinea ya Ikweta ni nchi ya Kiafrika, Kihispania ni lugha yake rasmi, na Wafang na Wabubi wa huko ni Wabantu kama sisi. Hakuniambia nimeshinda, lakini mtoto hakumtoa.

Kiswahili kimenisaidia hadi mahali ambapo vitabu vya Kiingereza hujaza kurasa nyingi: ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa". Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili. Sisi tunasema mama ni mwalimu, lakini mama yuko sokoni. Basi: mamá es maestra, mamá está en el mercado. "Ni" ni es, "yuko" ni está. Darasa zima likaelewa kwa dakika tano, nikajiona profesa.

Ndipo kijana mmoja wa dawati la mbele akauliza: "Na mama ni mgonjwa?" Tunasema ni, wao wanasema está enferma. Nikamwambia ugonjwa unapita, kwa hiyo unachukua está. Akafikiri kidogo. "Na akifa?" Está muerta, nikamjibu. Akanitazama tu. Nikawaambia hiyo waikariri, tukarudi sokoni kwenye chapati.