Usiihukumu drafti ya timu yako usiku uleule: ninavyowapima makinda wa hoki ya barafu

Kila mwaka ikifika drafti ya NHL, siku timu za ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada zinapochagua vijana kwa zamu, mashabiki wanagawanyika dakika kumi tu baada ya jina kutajwa, huku wanashangilia, kule wanatukana, na kinachoniuma ni kwamba wengi wao hawajawahi kumuona huyo dogo akicheza hata dakika tano. Najua kwa sababu na mimi nilikuwa hivyohivyo. Nasoma orodha za wataalamu, naangalia klipu za magoli, naipa timu maksi, imeisha. Mimi ni wa Minnesota Wild, na mwaka 2015 ndo nikaanza daftari, kila drafti na ukurasa wake, naandika ninachofikiria usiku ule na sifuti kitu, halafu narudi baada ya miaka mitatu, mitano, naangalia nilisema nini. Hilo daftari limenifundisha kuliko orodha zote nilizowahi kusoma.

Chukua ukurasa wa 2017. Nilimuweka Nolan Patrick juu kabisa na Cale Makar nikamshusha chini sana, sababu niliyoandika ni moja, eti anacheza AJHL, ligi ya vijana ya Alberta iliyo chini ya WHL, ambayo ni moja ya ligi kubwa za vijana Kanada, pointi za kule hazina uzito. Patrick akaenda wa 2, majeraha yakaja kumkatisha. Makar akachukuliwa wa 4 na Colorado, wakamuacha akae chuo cha Massachusetts misimu miwili bila kumharakisha, 2020 akabeba Calder ya mgeni bora, 2022 akabeba Norris ya beki bora, Conn Smythe ya mchezaji bora wa mchujo (zile mechi za mtoano mwisho wa msimu) na Stanley Cup, kombe lenyewe la ubingwa, vyote msimu mmoja. Sasa ukiangalia kosa langu, si kwamba ligi haina maana, ina maana sana tu, kosa ni kwamba niliipima ligi nikamsahau mtu. Anavyoteleza kiubavu kwenye mstari wa bluu, kichwa juu, nyonga zimefunguka na beki wa mbele yake hajui ataenda upande gani, kile kitu hakitegemei ligi. Kilikuwepo kwenye video siku zote, mi nilikuwa nahesabu pointi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kabla hujafungua takwimu tafuta mechi nzima, si klipu, umuangalie dogo mmoja tu mwanzo mwisho hata kama kisahani, yaani ile puck inayochezwa badala ya mpira, kiko upande mwingine. Kuna mechi moja ya OHL, ligi ya vijana ya Ontario, niliiangalia hivyo, nilikuwa namfuatilia winga ambaye orodha zote zilimpenda, siku hiyo akafunga matatu. Nikarudisha video. Mawili alifunga wapinzani wakiwa na mtu kwenye boksi la adhabu, amesimama mahali palepale anangoja pasi, la tatu goli lilikuwa tupu, wapinzani wameshamtoa kipa wao ili waongeze mshambuliaji. Wachezaji wakiwa tano kwa tano hakuonekana kabisa. Timu ya pili kulikuwa na senta mdogo wa umbo ambaye hakupata hata asisti, lakini kila kisahani kilipokuwa kinaenda kwake kwenye kona aligeuza kichwa akaangalia begani mara mbili kabla hakijafika, anajua nani anakuja na mwenzake yuko wapi, akikigusa tu kimeshaondoka. Nikaanza kuweka kialama kwa kila jicho la begani, na mpaka leo ndo kitu cha kwanza ninachohesabu. Nguvu zitaongezwa gym, kasi inaweza kuongezwa, ila kile kichwa kinachozunguka kabla ya kisahani kufika sijaona mtu akifundishwa akiwa na miaka 22.

Na kasi inaongezwa kweli, sisemi tu. Brayden Point aliachwa mpaka nafasi ya 79 mwaka 2014, mdogo wa umbo na utelezaji wake ulikuwa unatiliwa mashaka, Tampa Bay wakamchukua, miguu ikafanyiwa kazi, na ilipofika 2020 na 2021 wanabeba Stanley Cup mara mbili mfululizo alifunga magoli 14 kwenye kila mchujo. Nikita Kucherov walimpata nafasi ya 58, 2011. Tampa hawakubahatisha mara moja, walikuwa wanaenda makusudi kule ambako wengine walikuwa wanaogopa urefu wa mtu.

Kitu cha pili, tarehe ya kuzaliwa. Watu wanairuka hii halafu wanalinganisha vijana wawili kama vile wana umri mmoja. Ili uingie kwenye drafti lazima uwe umetimiza 18 ifikapo Septemba 15, sasa Auston Matthews kazaliwa Septemba 17, 1997, kakosa kwa siku mbili, ikabidi asubiri drafti ya 2016, na msimu ule wa kusubiri akaenda kucheza na watu wazima Zurich. Marco Rossi, Septemba 23, 2001, aliongoza OHL kwa pointi 120 katika mechi 56 ndipo tukamchukua wa 9 mwaka 2020. Ni namba kubwa kweli, lakini alikuwa karibu mwaka mzima mbele ya baadhi ya aliokuwa anashindanishwa nao, na katika umri ule miezi kumi na moja ni mwili mwingine kabisa. Simpunguzii kitu Rossi, nampenda sana, nasema tu tarehe iandike pembeni ya pointi, tena kwanza kabla ya pointi.

Sasa mkakati wa timu yenyewe, hapa ndo tunagombana sana. Utasikia shabiki analia tuna upungufu wa mabeki kwa nini tumechukua winga. Ndugu yangu, huyo dogo ana miaka 18, akija kucheza kwa uhakika ni miaka mitatu minne ijayo, shimo unaloliona leo litakuwa limeshazibwa au limehama. Raundi ya kwanza na ya pili chukua mchezaji bora aliyebaki, nafasi yake uwanjani utajua baadaye. Isipokuwa makipa, hao nawaweka kando kabisa kwa sababu wanachelewa kukomaa na hakuna anayewajua vizuri wakiwa na 18, angalia Connor Hellebuyck nafasi ya 130, Igor Shesterkin 118, Juuse Saros 99, na zamani zile Henrik Lundqvist 205. Mimi ningechukua kipa mmoja karibu kila mwaka raundi ya tatu mpaka ya tano na nisiguse raundi ya kwanza labda awe kama Andrei Vasilevskiy, ambaye hata yeye alisubiri mpaka ya 19.

Wingi wa nafasi unasaidia, ila hauokoi peke yake. 2015 Boston walikuwa na nafasi tatu zimefuatana, 13, 14 na 15, wakachukua Jakub Zboril, Jake DeBrusk na Zach Senyshyn. Walioitwa baada yao palepale ni Mathew Barzal, Kyle Connor na Thomas Chabot. DeBrusk alikuja kuwa mfungaji mzuri, sikatai, lakini ukurasa ule nikiusoma hata mimi ambaye si wa Boston naumia. Halafu linganisha na Dallas 2017, drafti moja tu, Miro Heiskanen wa 3, Jake Oettinger wa 26, Jason Robertson wa 39, yaani beki, kipa na mfungaji wa timu ya miaka mingi.

Na wale wanaoomba timu ipoteze makusudi ili iokote wa kwanza, bahati nasibu ya sasa ya kupanga nani achague kwanza inasema anayemaliza mkiani hawezi kushuka chini ya nafasi ya 3, sawa, ni kinga nzuri. Lakini Edmonton walichagua wa kwanza 2010, 2011 na 2012, tena 2015 wakampata Connor McDavid mwenyewe, na mchujo wakauona 2017. Ukimtupa mtoto kwenye timu isiyo na wakubwa wa kumshika mkono unamuumiza.

Ndo maana baada ya drafti mimi naangalia zaidi wanamlea vipi. Kinda wa miaka 18 au 19 mwenye mkataba wa kwanza wa miaka mitatu anaweza kucheza mechi 9 za NHL akarudishwa kwenye timu yake ya vijana na mkataba unasogea mbele, mwaka hauhesabiki. Timu ikimvusha hapo, jiulize, ni kwa sababu yuko tayari au ni kwa sababu mashabiki wanapiga kelele? Kwetu Minnesota hii si habari ya nadharia, tulipovunja mikataba ya Zach Parise na Ryan Suter 2021 tulifika mahali karibu dola milioni 15 za kikomo cha mishahara kwa msimu zilikuwa zinakwenda kwa watu wasiocheza kwetu, kilichotubeba ni vijana wa mikataba midogo kama huyohuyo Marco Rossi. Kila mwaka wa mkataba wa kinda uliochomwa mapema ni hela ya mchezaji mwingine kabisa.

Narudi kwenye ukurasa wangu wa kwanza, 2015. Juu kuna Joel Eriksson Ek wa 20, nimemwandikia mistari sita. Chini kabisa raundi ya tano, nafasi ya 135, kuna Kirill Kaprizov na pembeni yake nimechora kistari tu, sikuwa hata nimemuona. 2016 nikaandika "bado yuko Urusi". 2017, bado yuko Urusi. 2018 nikaongeza kuwa amefunga goli la dhahabu ya Olimpiki muda wa nyongeza dhidi ya Ujerumani, bado yuko Urusi. Nikaandika hivyo mpaka 2020 aliposaini. Januari 14, 2021, mechi yake ya kwanza na Los Angeles, muda wa nyongeza, anakimbia peke yake na kisahani kwenye gongo, anafunga, na mimi daftari liko mapajani nimeshindwa kuandika.

Msimu ule alimaliza na magoli 27 katika mechi 55 na Calder mkononi. Kile kistari nilikijaza asubuhi iliyofuata mechi ile ya kwanza.