Ndoo yetu ya huduma ya kwanza: tuliyoyatia na tuliyoyatoa

Orodha za vifaa vya huduma ya kwanza zimejaa tele mtandaoni, na nyingi zina vitu ambavyo hutovikuta katika duka la dawa la hapa Wete, Pemba. Yale maboksi mekundu yanayouzwa tayari nayo siyasifu: plasta kibao, pamba, na kibano kisichobana.

Mimi nilianzia upande mwengine. Nilitazama watu wa nyumba hii na majirani huumia vipi hasa. Jikoni wanaungua. Kwenye mbuzi ya nazi wanakatika vidole. Watoto wanaharisha. Wanaokwenda pwani kwenye mwani na pweza wanachomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani. Na ukifika msimu wa karafuu, watu wanaanguka mitini. Vifaa vyetu vinafuata hayo.

Chombo ni ndoo ya mafuta ya kupikia ya lita 10, imeoshwa ikakauka vizuri. Kifuniko kinakaza, unyevu wa masika hauingii, na mtu yeyote anaikamata mpini akakimbia nayo. Inakaa juu ya kabati la ukumbini. Jikoni hapafai kwa joto, kwani dawa nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30.

Nianze na moto, maana ndio unaotusumbua zaidi. Ramadhani moja mwanangu wa kati alimwagikiwa na uji mkononi, magharibi inakaribia, kila mtu yuko mbioni. Mama mkwe akaja na dawa ya meno, kifuniko ameshakifungua.

"Mama, naomba tumtie maji kwanza."

"Maji yatamtoa malengelenge, mwanangu."

"Malengelenge ni ya ule moto ulioingia, mama. Maji yanautoa."

Akanitazama, hakujibu, lakini kata akaishika yeye. Mfereji ulikuwa hautoi, ikabidi tuchote kwenye ndoo na kummiminia taratibu, kata baada ya kata. Dakika 20 ni nyingi sana mtoto anapolia na watu wanafuturu, lakini ndizo zinazotakiwa. Maji ya kawaida, si barafu. Bangili na pete zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandia ngozini iachwe. Baadaye unafunika kwa gozi (kitambaa chepesi cha vidonda) au kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na malengelenge huyatumbui. Akiungua uso, viganja au sehemu za siri, au jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, ni hospitali. Kwa hivyo kwangu ndoo ya maji safi ya lita 20, iliyofunikwa na haiguswi kwa kufulia, ni kifaa cha huduma ya kwanza kama bendeji.

Kuharisha sitakuelezea sana, ila chupa. Pakiti nyingi za chumvichumvi ya kuharisha ni za lita 1, na nimeona watu wanazikoroga kwenye gilasi moja. Hiyo inakuwa kali na inamdhuru mtoto. Sisi tuna chupa ya maji ya lita 1 na nusu, tumeipiga mstari kwa kalamu isiyofutika pale lita 1 inapofika. Soma pakiti, jaza mpaka mstarini, koroga, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Pakiti zikiisha: vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita 1 ya maji safi. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani au hawezi kunywa, usikae nyumbani unakoroga.

Kwa damu, ndani ya ndoo mna glavu, gozi, bendeji, mkasi na kanga mbili kuukuu zilizofuliwa, zikapigwa pasi na kufungwa kwenye karatasi safi. Kanga hufunga mkono uliovunjika, hukandamiza jeraha, humfunika mtu. Ukikandamiza, kandamiza dakika 10 bila kuchungulia. Kila ukichungulia unaanza upya. Pamba usiiweke moja kwa moja kwenye kidonda, nyuzi zake zinabaki ndani. Aliyekatwa na mbuzi yenye kutu aulizwe kituo cha afya kuhusu sindano ya pepopunda.

Kwa aliyechomwa na taa: chupa ya chai yenye maji ya moto. Mguu uliochomwa utiwe kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu, kwani joto linapunguza maumivu ya ile sumu. Pima moto kwa mguu mzima, si kwa ule uliochomwa, kwa sababu huo hauna hisia za kuaminika. Mwiba ukiwa umeingia kifuani, tumboni au shingoni usiung'oe.

Aliyeanguka mkarafuu, hakuna kitu ndani ya ndoo kitakachomsaidia zaidi ya watu kutulia. Huku kwetu tunaharakisha mno: wawili wanamshika mikono, wawili miguu, anawekwa kati ya watu kwenye pikipiki. Uti wa mgongo ukiwa umeumia, safari hiyo inaweza kumlemaza. Mmoja ashike kichwa kisigeuke, asikalishwe, asipewe maji, itafutwe gari, na abebwe juu ya ubao au mlango.

Tuliyoyatoa ni dawa za mabaki. Antibiotiki za nusu pakiti, asprini (watoto hawapewi bila daktari), chupa zisizo na jina. Panadoli ya maji imebaki, na bomba lake la kupimia, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Uzito wa kila mtoto umeandikwa ubavuni mwa chupa. Mafuta ya taa hayakai tena kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa usimtapishe, mpeleke hospitali na chupa yenyewe.

Chini kabisa mna tochi, betri zikiwa zimetolewa ndani yake zisivuje, na bahasha. Kwenye bahasha mna nakala za kadi za kliniki, majina ya dawa za presha anazokunywa mama mkwe, na namba za simu kwenye karatasi: wenye gari wawili wa mtaani, kituo cha afya, na 112. Mlioko visiwani kama Kojani au Fundo, muandike namba ya mwenye boti kabla ya ya mwenye gari. Simu huzimika, karatasi haizimiki.

Na pesa ya gari. Hii ndiyo ngumu kuliko yote, kwa sababu kila anayejua ilipo huikopa kwa mkate. Mwisho nikaishona ndani ya kitambaa, anayeitaka akate uzi. Bado hukatwa, lakini sasa mkataji anajulikana.

Tarehe za mwisho za dawa ninaziangalia mwezi wa Shaaban na tena kabla ya kuchuma karafuu. Plasta nimeacha kuzihesabu. Watoto wanazibandika kwenye wanasesere, kwa hivyo mna pakiti moja ya kuchezea juu, na ya kweli iko chini ya gozi.