Maswali ya Wasomaji: Mchanga wa Abu Simbel

SWALI: Mhariri, kwa muuzaji wa vitabu na picha kuukuu katikati ya jiji nilinunua mchoro wa rangi za maji wa hekalu la Abu Simbel la kusini mwa Misri, wenye jina la David Roberts. Sanamu ya upande wa kulia imezama mchangani, ilhali katika picha za siku hizi zote nne huonekana hadi nyayoni. Je, mchoraji alitia chumvi? Na huu waweza kuwa mchoro wenyewe?
Msomaji, Buruburu, Nairobi

JIBU: Kuhusu mchanga, hakutia chumvi. Roberts, Mskoti aliyewahi kuchora mandhari za majukwaa ya maigizo, alifika Abu Simbel mwaka 1838. Mvumbuzi Mwitalia Giovanni Belzoni alikwisha kuufukua mlango mwaka 1817, lakini upepo wa jangwani uliendelea kuuporomosha mchanga kutoka juu ya mwamba, hasa upande wa kaskazini, ambao kwa anayelitazama hekalu ndio wa kulia. Sanamu hizo za Firauni Ramesses II, ingawa zimeketi, zina kimo cha mita 20 hivi. Ndiyo maana wachoraji waliwaweka watu miguuni pake, kwani bila wao jicho halina cha kupimia. Ile ya pili kutoka kushoto iliangushwa kiwiliwili na tetemeko la ardhi enzi za kale.

Lenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mahali alipochorea Roberts sasa pamo majini. Bwawa Kuu la Aswan lilipokuwa likijengwa, hekalu lilikatwa vipande na, kati ya 1964 na 1968, katika kampeni iliyoongozwa na UNESCO, likasimamishwa upya mita 65 hivi juu zaidi na mita 200 hivi nyuma. Hata mabaki ya sanamu iliyovunjika yalilazwa chini kama yalivyokuwa. Picha za kamera za leo zinaonyesha mawe yaleyale. Ukingo wa Naili uliomo katika mchoro wako umefunikwa na Ziwa Nasser.

Swali la pili linanitia shaka. Michoro hiyo ilinakiliwa na Louis Haghe kwa uchapaji wa jiwe (picha huchorwa juu ya jiwe, kisha hupigwa chapa karatasini), ikatolewa London kati ya 1842 na 1849, na imechapishwa tena mara nyingi mno. Tazama anga kwa kioo cha kukuzia: ukiona vidoto vidogo vilivyopangika, hiyo ni nakala ya mashine, kwa kuwa rangi ya maji halisi hutanda kwa matabaka mepesi yasiyo na vidoto. Vyovyote iwavyo, usiitundike panapopigwa na jua, maana rangi itachujuka.