Oili ya stelingi inapungua kila wiki: soma kabla hujanunua reki

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Tukuyu. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, ya otomatiki. Tangu baridi ianze mwezi wa sita oili ya stelingi inapungua, naongeza kama robo lita kila wiki. Asubuhi nikiwasha na kukata usukani nitoke getini inalia kama ndama, lakini mchana inanyamaza kabisa. Nikiamka nakuta doa jekundu chini, upande wa mbele. Fundi wa kwanza kasema reki, lile bomba la chini linalogeuza magurudumu, imekufa, ninunue nyingine. Wa pili kasema nisihangaike, niweke oili ya breki, itaziba yenyewe. Mwisho wa mwezi nina safari ya Iringa, nampeleka mama hospitali. Nimsikilize yupi? Na safari inawezekana?

JIBU: Mwalimu, salama, na mama mpe pole. Nianze na hiyo oili ya breki, maana usije ukaimimina kabla hujamaliza kusoma. Usiweke. Sili za pawa stelingi, vile vipete vinavyozuia oili isitoke, zimetengenezwa kwa mpira unaoishi ndani ya oili inayotokana na mafuta ghafi. Oili ya breki ni kitu kingine kabisa, DOT 3 na DOT 4 hazitokani na mafuta ghafi, na mpira wa stelingi ukikutana nazo huvimba na kulainika. Ndiyo maana huyo fundi wa pili ameona "inaziba": sili ikivimba inabana kwa siku chache. Baadaye inakuwa kama andazi lililolowa chai, inakatika, na hapo pampu, reki na mipira yote ya kupitishia oili vinavuja kwa pamoja. Kama umeshaweka hata kidogo, usiwashe gari. Oili yote imwagwe na mfumo usafishwe kwa oili mpya.

Oili ya gari lako ni ATF, Dexron II au III, ile nyekundu inayotumika pia kwenye giaboksi ya otomatiki. Duka lolote la spea la Tukuyu wanayo, wengine wanaiita haidroliki. Usidhani kwamba kila gari ni hivyo: Honda wana oili yao, na baadhi ya magari ya Kijerumani hutumia ya kijani. Soma maandishi kwenye mfuniko wa kikopo cha oili ya stelingi.

Sasa hilo doa. Rangi nyekundu kwenye Toyota ya zamani ina watu watatu wanaoweza kushtakiwa. Wa kwanza ni stelingi. Wa pili ni giaboksi yako, kwa sababu nayo inakunywa ATF hiyohiyo. Wa tatu ni maji ya rejeta, kwani kulanti ya Toyota ya miaka ile nayo ni nyekundu. Chovya kidole: kulanti ni nyepesi kama maji na haishiki, ATF inateleza na kubaki kidoleni. Wewe umesema kikopo cha stelingi ndicho kinachopungua, basi mshtakiwa wa kwanza hana pa kujificha. Hata hivyo pima na giaboksi, injini ikiwa ya moto na inanguruma. Nimeshaona gari linalovuja sehemu mbili, mwenyewe akaziba moja na kumlaumu fundi kwa sababu ya nyingine.

Nikikusoma vizuri, sidhani kama reki ndiyo mkosaji. Umenipa dalili mbili ambazo zinaelekeza kwingine.

Ya kwanza ni doa la asubuhi. Gari limelala, injini imezimwa, hakuna presha popote. Oili inayodondoka usiku inashuka kwa uzito wake tu, kwa hiyo inatoka mahali ambapo muda wote pamejaa oili na ambapo panakaa chini ya kikopo: mpira mnene unaotoka kwenye kikopo kwenda pampu, mpira wa kurudishia oili, viungio vyake, au sili ya shafti ya pampu. Sili za reki na mpira wa presha, ule unaotoka pampu kwenda reki, mara nyingi huvuja pale unapokata usukani, kwa sababu hapo ndipo presha inapopanda. Ukikata hadi mwisho presha inaweza kupita baa 70. Kitu kinachovuja kwa presha hiyo huwa hakisubiri usiku.

Ya pili ni mlio wa asubuhi unaokwisha mchana. Hiyo ni pampu inayovuta hewa. Huko Rungwe mwezi wa sita na wa saba mnajua wenyewe asubuhi zilivyo. ATF ikipoa inakuwa nzito, pampu inaivuta kwa nguvu, na mpira wa miaka zaidi ya ishirini uliokauka kama ngozi ya ngoma haushiki tena vizuri kwenye klampu, kile kibano chake. Injini inapozimwa oili inatoka kwenye ufa huo. Injini inapowaka hewa inaingia kwenye ufa uleule. Jua likipanda mpira unalainika, unabana, na kelele inaisha. Fungua kikopo asubuhi mara tu baada ya mlio: ukikuta oili ina povu kama maziwa yaliyotikiswa, jibu umelipata. Kama haina povu na imeshuka chini ya alama, basi inalia kwa njaa tu.

Lakini usininunulie mpira kwa sababu nimesema. Thibitisha kwanza, na kazi hii unaweza kuifanya nyumbani kwako Jumamosi bila fundi. Unahitaji ndoo ya maji ya sabuni, brashi, tochi, boksi la katoni, poda ya mtoto na mtu wa kukata usukani. Injini ikiwa ya baridi, sugua pampu, mipira, kikopo na reki kadiri unavyofika, maji yasiingie kwenye waya wala jenereta. Acha pakauke vizuri. Nyunyiza poda kwenye viungio vyote. Tandika katoni chini, liache usiku mzima. Asubuhi, kabla ya kuwasha, mulika: penye poda iliyolowa juu kuliko pote ndipo pa kuanzia. Sisitiza hilo neno juu. Oili hushuka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo tone unaloliona chini limeshasafiri.

Hapo nakiri langu. Miaka ya nyuma, nikiwa bado kijana pale Mwanjelwa, niliteremsha reki ya Hiace nzima kwa sababu ilikuwa imelowa kuanzia kushoto hadi kulia. Tukafunga nyingine. Siku ya tatu mwenye gari akarudi, reki mpya imelowa vilevile. Kumbe ni oringi ya mpira wa presha pale juu kwenye pampu, kipete kidogo kuliko cha ndoa, oili ilikuwa inatambaa na bomba hadi kwenye reki. Mzee yule hakunigombeza, alicheka tu, na mimi nilitamani angenigombeza.

Baada ya ukaguzi wa usiku, washa gari, mwambie msaidizi akate usukani kulia na kushoto taratibu. Asiushikilie mwisho kwa zaidi ya sekunde chache, oili inachemka na pampu inaumia. Wewe angalia kwa tochi tu. Mpira wa presha usiupapase kutafuta tundu kwa vidole: uzi mwembamba wa oili kwa presha ile unaweza kupenya ngozi, na jeraha lake si la kuchezea.

Ukikuta ni mpira wa kikopo au wa kurudishia, umepona kwa bei ndogo. Ila uwe mkali dukani. Muulize mwenye duka mpira wa kuhimili oili. Ukipewa kipande cha mpira wa rejeta utakaa vizuri wiki mbili tatu, kisha utavimba na kuvuja zaidi ya ule wa zamani. Upana wa ndani uwe uleule, usivutwe kwa nguvu wala kulegea. Klampu mpya, zote mbili.

Mpira wa presha ni habari nyingine. Huo haufungwi klampu, haubanwi na waya, haufunikwi na kipande cha mrija. Unapelekwa kwa wanaotengeneza mipira ya haidroliki ya matrekta na magari makubwa, wanabana ncha zake kwa mashine. Hapa Mbeya wapo. Kiungio cha skrubu yenye tundu kina woshi mbili laini, moja kila upande. Weka mpya, za zamani zimeshabonyea.

Ikiwa ni sili ya shafti ya pampu, utaona oili imerushwa kwenye puli na mkanda, na huenda mkanda nao unapiga kelele. Pampu inafunguliwa, sili inabadilishwa, na mkanda uliolowa oili unatupwa, hausafishwi.

Na kama kweli ni reki? Kuna kipimo rahisi. Chini ya gari, kila mwisho wa reki una buti ya raba yenye mikunjo. Ibonyeze. Ikiwa kavu na nyepesi, reki yako haina kesi. Ikibonyea kwa uzito na kuchezacheza kama mfuko wa maji, sili ya ndani imeachia. Kwenye reki nyingi za zamani buti mbili zimeunganishwa na kijibomba cha hewa, kwa hiyo oili iliyo kushoto si lazima imetoka kushoto.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu. Sili haifi yenyewe tu. Buti inachanika kwanza, labda kwa jiwe, labda kwa uzee. Tope la Tukuyu linaingia, maji yanaingia, shafti inayong'aa inapata kutu. Kutu hiyo inapita ndani ya sili kila unapokata kona, inaikwangua kama kikwangulio cha nazi. Fundi anafungua, anaweka sili mpya, anapiga msasa kidogo, anafunga. Mwezi wa pili uvujaji umerudi. Kwa hiyo reki ikifunguliwa, simama hapo, omba uione shafti, pitisha ukucha. Ikiwa laini, sili mpya na buti mpya zitakaa. Ukucha ukikwama kwenye vijishimo, usilipie sili, tafuta reki nyingine.

Ukichukua ya mtumba, usilipe kabla buti hazijavutwa pembeni na shafti zikaonekana pande zote mbili. Inayong'aa tu. Wakati wa kufungua, usukani ufungwe kwa mkanda wa kiti usizunguke. Chini yake kuna utepe wa waya wa ea begi na honi, ukizungushwa bila reki unakatika, na hiyo ni hasara nyingine. Fundi ahesabu nyuzi za tairodi, vyuma vinavyounganisha reki na magurudumu, kabla ya kuzitoa, kisha gari liende kwenye wili alaimenti hata kama "linakwenda sawa".

Dawa za kuziba zinazouzwa kwenye vichupa sizitukani zote. Zinalainisha sili iliyokauka, na kama uvujaji ni wa jasho tu zinaweza kukuvusha miezi kadhaa. Mpira uliopasuka hazizibi, shafti yenye kutu hazing'arishi. Kwako wewe, robo lita kwa wiki si jasho. Mfumo mzima wa gari dogo hubeba takribani lita moja, maana yake kwa mwezi unaimwaga yote.

Ukishafunga chochote, hewa itolewe, na hapa wengi wanaharakisha. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, weka stendi, jaza kikopo. Injini ikiwa imezimwa, kata usukani mwisho hadi mwisho mara ishirini hivi, taratibu, huku ukiongeza oili inavyoshuka. Ndipo uwashe, ukate tena mara chache. Povu likiwepo, zima, iache itulie nusu saa, rudia. Ukianza kwa kuwasha, pampu inasaga hewa na oili pamoja na utashinda hapo hadi jioni.

Kuhusu Iringa. Ukibadilisha mpira wiki hii na katoni likaamka kavu siku tatu mfululizo, nenda. Ukishindwa kutengeneza, mimi nisingempakia mama. Usukani wa gari hili unaendelea kugeuza magurudumu hata oili ikiisha, hautakatika, lakini unakuwa mzito ghafla, na ghafla hiyo ikikukuta kwenye kona kati ya Kiwira na Isongole, na lori la ndizi linateremka, haitakuwa na huruma. Jambo jingine ni moto: ATF inawaka. Angalia kama inapodondokea ni karibu na ekzosi. Ukinusa harufu ya oili inayoungua au ukaona moshi unaposimamisha gari, gari halitoki mpaka litengenezwe, hata kwenda sokoni.

Siku ya safari simama Uyole kabla ya kushika barabara ya Makambako. Fungua boneti, tazama kikopo. Kwenye magari mengi kina alama mbili, ya oili baridi na ya oili moto, na hapo utasoma ya moto. Beba lita moja ya ATF kwenye buti ya mizigo. Angalia tena Makambako mama akiwa anakunywa chai. Ikiwa alama haijasogea mpaka hapo, funga boneti na uendelee na safari.