Ufa Unaohama na Simu ya Mirihi

SWALI: Katika kipindi cha televisheni kuhusu safari za anga, ufa kwenye kofia ya rubani uko kushoto, mara kulia. Kisha anaongea na Dunia kutoka Mirihi papo hapo. Ni kosa lilelile?
Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: La. Ufa ni kosa la mwendelezo, yaani picha za tukio moja hazilingani. Tazama maandishi ya kifuani: yakisomeka kinyume, mhariri aligeuza picha. Yakiwa sawa, huenda kofia zilikuwa mbili na hakuna aliyelinganisha picha za jana na za leo.

Simu ndiyo pengo la hadithi, yaani jambo lisilowezekana katika kisa chenyewe, tena baya zaidi. Redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka Mirihi ni dakika 3 hadi 22, kwenda tu. Sayari zikiwa mbali, useme “haloo” Likoni, feri ivuke na kurudi, bado hujajibiwa.