Cherehani ya nyumbani na blanketi la viraka
Dada, umeuliza kama cherehani ya kawaida ya nyumbani inatosha kushonea blanketi la viraka vya vitenge lenye matabaka matatu (viraka juu, pamba katikati na kitambaa chini). Inatosha, mradi uweke sindano namba 14 na urefushe mshono hadi milimita 3 utakapofika hatua ya kuyaunganisha matabaka hayo. Vitenge vipya ulivyonunua Kariakoo vifue kwanza, kwa kuwa vikichuja rangi baada ya kushonwa utajuta. Viraka viunganishe kwa kuacha robo inchi pembeni, na kila mshono uupige pasi (wengi hulikwepa hili). Bana matabaka kwa pini nyingi, kisha anza kushona katikati ukielekea kingoni, la sivyo kitambaa cha chini kitajikunja. Kwa joto la Dar es Salaam, pamba ya katikati iwe nyembamba.